Dawa inavuja, dawa haitoki: utatuzi wa matatizo ya vibebeo vya nano vinavyoitikia vichocheo

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesimama mbele ya meza ya labo akiwa na matokeo yasiyoeleweka. Ametengeneza kibebeo cha nano kilichotakiwa kuishikilia dawa ya saratani ndani ya damu na kuiachia kwenye uvimbe tu. Sasa dawa inatoka mapema, au haitoki kabisa, au inatoka vizuri mno hadi inatia shaka. Nimeuandika nikizifikiria labo za Lubumbashi, mji ambao umeme wake hukatika bila taarifa, ardhi yake imejaa shaba na kobalti, na doksorubisini ni dawa ya saratani ambayo mara nyingi familia ya mgonjwa huinunua kwa pesa yake yenyewe. Miligramu moja inayopotea hapa ina uzito. Ndiyo maana naomba kila hitilafu ifuatiliwe hadi kwenye chanzo chake, badala ya kurudia jaribio lilelile kwa kutumaini bahati.

Kwanza namba ambazo tutazirudia. Damu ina pH ya 7.4. Katika vivimbe vingi, nje ya seli, pH hushuka hadi kati ya 6.5 na 7.0, kwa sababu seli za saratani huvunja glukosi kwa njia inayozalisha asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwapo. Kibebeo kikimezwa na seli hupita kwenye endosomu (kifuko kinachokiingiza), yenye pH ya 5.5 hadi 6.5, kisha kwenye lisosomu (kifuko cha kumeng'enyea), yenye pH ya 4.5 hadi 5. Glutathioni, molekuli ndogo yenye salfuri inayoilinda seli, ndani ya seli hufikia milimola 1 hadi 10 kwa lita. Kwenye damu ni mikromola chache tu, pengine 20. Joto la mwili ni 37 °C, na uvimbe unaopashwa na daktari hupelekwa 40 hadi 43 °C. Kila kibebeo "chenye akili" kinategemea mojawapo ya tofauti hizi. Baadhi yake ni nyembamba sana, na huo ndio mwanzo wa matatizo mengi.

Kabla ya kutafuta kosa: mirija mitatu

Usikihukumu kibebeo peke yake. Kila jaribio la kutoa dawa liwe na mirija mitatu inayokwenda pamoja, kwenye bafa ileile (kimiminiko kinachotunza pH), joto lilelile na saa zilezile: kibebeo chenye dawa, kibebeo kitupu, na dawa huru isiyo na kibebeo. Mrija wa kibebeo kitupu unakuonyesha kama chembe zenyewe zinatia ukungu kwenye kipimo. Mrija wa dawa huru unakuonyesha dawa inafanya nini ikiwa haijafungwa na kitu chochote. Makosa mengi nitakayoyataja hayawezi kuonekana bila mrija huo wa tatu, na nasikitika kusema kwamba ndio unaoachwa kwanza pale dawa inapokuwa chache. Ni afadhali kupunguza idadi ya saa za kupima kuliko kuuacha.

Kisha funga hesabu. Jaribio likiisha, fungua mfuko wa dayalisisi (unaopitisha dawa na kuzuia chembe), vunja vibebeo vilivyobaki (liposomu, yaani vifuko vya mafuta, huvunjika kwa sabuni ya Triton X-100), pima dawa iliyobaki na uijumlishe na ile iliyotoka. Jumla ikiwa pungufu sana kuliko ulichoweka, dawa imenata kwenye kioo, imeharibiwa na mwanga au imetuama chini. Doksorubisini hufanya yote matatu. Tumia mirija ya polipropilini badala ya kioo, na ifunike kwa karatasi ya alumini tangu dakika ya kwanza.

Dalili: dawa inatoka kwenye pH 7.4, ambako ilipaswa kutulia

Tazama umbo la mchoro kabla ya kulaumu kibebeo. Kama sehemu kubwa imetoka ndani ya saa ya kwanza na mstari ukalala baada ya hapo, hiyo ni dawa ambayo haikuwa ndani kamwe. Ilikuwa imenata juu ya uso wa chembe, au ilibaki huru kwenye kimiminiko kwa sababu usafishaji haukutosha. Pitisha tena kwenye safu ya jeli au rudia dayalisisi, halafu pima upya kiasi kilichobebwa baada ya kusafisha. Asilimia ya upakiaji iliyopimwa kabla ya kusafisha haina maana yoyote.

Kama mstari unapanda taratibu bila kusimama, angalia bafa. Wanaotumia bafa ya Tris wanapaswa kujua kwamba pH yake hushuka kwa takriban 0.028 kwa kila digrii moja ya joto inayoongezeka. Mtu akirekebisha Tris kuwa 7.4 asubuhi ya Julai, wakati chumba kiko 17 °C, kisha akaiweka kwenye bafu la maji la 37 °C, amepoteza zaidi ya nusu ya kizio kimoja cha pH. Jaribio lake la "damu" linaendeshwa kwenye pH 6.8 au karibu yake, yaani pH ya uvimbe. Kibebeo chake kinafanya kazi sawasawa na kinahukumiwa kuwa kibovu. Rekebisha pH ikiwa bafa iko kwenye joto la jaribio, au tumia fosfati, ambayo pH yake haisogei sana kwa joto.

Kwa liposomu zilizopakiwa kwa njia ya amonia salfeti, ile iliyoiwezesha Doxil, doksorubisini ndani ya liposomu, kuidhinishwa Marekani mwaka 1995, chanzo cha kawaida ni tofauti ya salfeti kati ya ndani na nje kuwa ndogo mno. Dawa huingia kwa sababu amonia inatoka na kuacha asidi ndani, kisha doksorubisini inagandamana na salfeti humo ndani kama fuwele. Kama amonia salfeti ya nje haikuondolewa vizuri kabla ya kuweka dawa, fuwele hazijengeki, na kinachoingia hutoka kwa urahisi uleule. Dalili yake ni upakiaji mdogo unaoambatana na uvujaji. Upakiaji mzuri wa njia hii hupita asilimia 90. Ukipata nusu, usiendelee na jaribio la kutoa dawa, rudi kwenye kuosha.

Chembe za kitosani (polima yenye chaji chanya) zilizofungwa kwa tripolifosfati (yenye chaji hasi) zina tatizo lao. Zinashikamana kwa chaji tu, bila kifungo cha kemia, na chumvi ya damu, karibu milimola 150, huzifunika chaji hizo. Chembe iliyokuwa imara kwenye maji safi hufumuka au kurundikana kwenye bafa yenye chumvi. Chukua mrija wa kibebeo kitupu na upime ukubwa kwenye bafa ya jaribio mwanzoni, baada ya saa 4 na baada ya saa 24. Ukubwa ukibadilika bila dawa, usitafute kosa kwenye dawa.

Dalili: pH 5 na pH 7.4 zinatoa mstari mmoja

Hapa swali la kwanza ni la usanifu: ulitaka dawa itoke wapi? Kutoka 7.4 hadi 5.0 asidi huongezeka mara 250. Kutoka 7.4 hadi 6.8 huongezeka mara 4 tu. Kibebeo chenye kifungo cha haidrazoni, kinachokatwa na asidi, kimejengwa kwa ajili ya lisosomu. Kukipima kwenye pH 6.8 na kusema hakiitikii ni kukionea. Polima inayotakiwa kuitikia nje ya seli, kwenye uvimbe wenyewe, inahitaji kubadilika ndani ya mlango mwembamba sana, na polima za namna hiyo ni chache. Amua mahali kwanza, kisha chagua pH.

Kama mahali ni sahihi na bado hakuna tofauti, pima pH ya mrija mwishoni mwa jaribio. Kosa nililoliona mara nyingi kwenye daftari za wanafunzi ni kuchukua bafa ya fosfati na kuishusha hadi 5.0 kwa asidi ya haidrokloriki. Fosfati hulinda pH vizuri karibu na 7.2, kwenye 5.0 haina nguvu karibu yoyote. Kitosani yenye amini nyingi huipandisha bila upinzani, na baada ya saa chache mirija miwili uliyodhani ni tofauti imesogeleana. Kwa pH 5 tumia asetati au sitrati. Kagua na elektrodi pia: iliyokauka juu ya meza wakati wa likizo hutoa namba zinazoonekana sawa lakini huitikia polepole. Isawazishe kwa bafa tatu, siyo moja.

Chanzo kinachofuata ni mfuko. Doksorubisini ina uzito wa takriban gramu 544 kwa moli, na mfuko wa dayalisisi wa kilodaltoni 12 hadi 14 huipitisha, lakini si papo hapo. Dawa huru inaweza kuchukua saa kadhaa kumaliza kutoka. Kama mstari wa dawa huru unalingana na mistari ya vibebeo vyako viwili, ulichopima ni mfuko. Ongeza eneo la mfuko kwa kupunguza ujazo ndani yake, koroga vizuri nje, au achana na mfuko na utenganishe chembe kwa sentrifuji kila saa ya kupima. Ujazo wa nje nao uwe mkubwa vya kutosha, angalau mara 3 hadi 10 ya kiasi ambacho kingeyeyusha dawa yote, la sivyo dawa husimama kutoka kwa sababu haina pa kwenda.

Halafu kuna muda. Polima ya PLGA huoza kwa majuma, siyo kwa saa. Ukiitazama kwa siku moja utaona usambaaji wa dawa tu, na pH itaathiri kidogo sana. Haidrazoni nayo huchukua saa nyingi, wakati mwingine siku. Jaribio la saa 6 kwa kifungo cha siku mbili litasema hakuna kitu.

Dalili: matokeo mazuri mno

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, maana haionekani kama hitilafu. Mchoro unapendeza, pH 5 iko juu kabisa, pH 7.4 iko chini, na kila mtu kwenye labo anafurahi. Nakuomba, mdogo wangu, usimame hapo na kuutazama mrija wa dawa huru.

Amini ya doksorubisini ina pKa (pH ambapo nusu ya molekuli zina chaji) ya karibu 8.2. Kwenye pH 5 karibu molekuli zote zimechajiwa na zinayeyuka vizuri. Kwenye pH 7.4, hasa ndani ya fosfati yenye chumvi, sehemu yake haina chaji, molekuli hujikusanya, hunata kwenye mfuko na kwenye kuta, na zikiwa nyingi hutuama taratibu. Kwa hiyo hata dawa isiyo na kibebeo chochote huonekana "ikiitikia pH". Kama dawa huru inapita mara mbili haraka kwenye pH 5, sehemu hiyo ya tofauti ni tabia ya dawa, na kibebeo hakistahili kusifiwa kwa ajili yake. Kinachobaki baada ya kulinganisha ndicho chako. Mara nyingine kinachobaki ni kidogo, na ni bora kukijua Lubumbashi kuliko kukisikia kutoka kwa mhakiki wa jarida.

Mstari wa usawazishaji nao utengenezwe ndani ya kila bafa. Nuru ambayo doksorubisini hunyonya karibu na nm 480, na ile inayoitoa karibu na nm 590, hubadilika kulingana na mazingira yake. Mtu anayetumia mstari mmoja wa maji safi kwa bafa zote anaongeza kosa lenye upande mmoja.

Sasa jambo la mji wetu. Doksorubisini hushika metali: ikikutana na shaba au chuma (Fe³⁺) huunda mchanganyiko ambao rangi yake huhama kutoka nyekundu ya chungwa kuelekea zambarau, na nuru yake hufifia. Maji ya kisima kwenye ukanda wa migodi yanaweza kubeba metali hizo, na maji yaliyochemshwa au kuchujwa kwa kitambaa bado yanazo. Chukua maji yaliyokenekwa mara mbili. Ukiyashuku, yeyusha dawa kidogo kwenye maji hayo na kwenye maji unayoyaamini, ukiwa karibu na pH 7, kisha piga picha ya unyonyaji kutoka nm 400 hadi 700. Bega likiota juu ya nm 550 kwenye maji ya kwanza tu, umepata jibu.

Wengi hujifunzia kwa kalseini, rangi inayong'aa, kabla ya kugusa dawa, na huo ni uamuzi mzuri, kwa kuwa ni nafuu na haina sumu ya doksorubisini. Ikifungwa ndani ya liposomu kwa mkusanyiko mkubwa, karibu milimola 70, nuru yake hujizima. Ikitoka na kuchanganyika na maji, huwaka. Lakini kobalti na shaba huizima kalseini kwa nguvu, hata kobalti hutumiwa makusudi kwa kazi hiyo. Tena chini ya pH 6 nuru yake hupungua yenyewe. Mtu anaweza kuona giza kwenye pH 5 na kudhani liposomu imefunga mlango, kumbe kalseini yote iko nje. Chukua sampuli, iweke kwenye bafa ya pH 7.4 yenye EDTA (inayonasa metali) ya milimola 1, ndipo usome.

Dalili: kibebeo cha joto hakifunguki kwenye 42 °C, au kimefunguka tayari kwenye 37 °C

Liposomu za joto hutegemea DPPC, mafuta ambayo utando wake huyeyuka karibu na 41 °C. Wazo hili lilichapishwa na Yatvin na wenzake mwaka 1978. Kati ya joto la mwili na mlango huo kuna digrii 4 tu, kwa hiyo kosa dogo la kipimajoto linatosha kuharibu kila kitu. Usiamini namba ya kioo cha bafu la maji. Weka kipimajoto ndani ya mrija wenyewe. Na usikikague kipimajoto hicho kwa maji yanayochemka ukitarajia 100. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu na 96 °C. Goma na Bukavu, zilizo karibu na mita 1,500, ni karibu na 95 °C. Anayesogeza kipimajoto chake ili kisome 100 kwenye sufuria ameingiza kosa la digrii 4, upana uleule wa mlango wake. Kagua kwa barafu inayoyeyuka, ambayo ni 0 °C kokote.

DPPC peke yake hufunguka, lakini polepole. Kinachoharakisha ni lisolipidi (mafuta yaliyopoteza mkia mmoja) kidogo, karibu asilimia 10 ya moli, inayotengeneza vitundu kwenye mipaka ya utando unapoanza kuyeyuka. Dawa hutoka ndani ya sekunde hadi dakika chache. Kama kibebeo chako kinachukua saa nzima kwenye 42 °C, kiasi cha lisolipidi ndicho cha kuangaliwa. Kama kinavuja kwenye 37 °C, huenda lisolipidi imezidi, au mafuta yamezeeka na kuvunjika yenyewe, kwa sababu DPPC inayooza huzalisha lisolipidi. Ikumbukwe pia kwamba vibebeo hivi huvuja zaidi ndani ya seramu (maji ya damu yasiyo na seli) kuliko kwenye bafa.

Wakati wa kutengeneza, kila hatua ifanyike juu ya joto la kuyeyuka, 50 hadi 60 °C. Juni na Julai, usiku wa Lubumbashi ukiwa wa baridi kali, sindano ya kusukumia kupitia utando wa kuchujia wenye vitundu vya nm 100 hupoa mkononi ndani ya dakika chache. Dalili ni mkono kushindwa kusukuma, utando kupasuka, na ukubwa unaotofautiana. Pasha kifaa chote, siyo kimiminiko tu.

Na hata kibebeo kikitii labo, joto lenyewe linaweza kushindwa hospitalini. ThermoDox, doksorubisini ndani ya liposomu ya aina hii, ilijaribiwa kwa wagonjwa 701 wa saratani ya ini katika utafiti ulioitwa HEAT, na Januari 2013 ilitangazwa kwamba lengo kuu halikufikiwa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba muda wa kupasha ini, dakika 45 au zaidi, huenda ndio uliokosekana, na utafiti wa pili, OPTIMA, wenye wagonjwa 556, ukalazimisha muda huo. Mwaka 2020 nao ulionekana hautafanikiwa. Nataja haya ili unapoandika kwamba kibebeo chako "kinafanya kazi", uandike pia kwa joto gani na kwa dakika ngapi.

Dalili: glutathioni haifanyi kitu, au inafanya kila kitu

Vibebeo vyenye kifungo cha salfuri mbili hukatwa na glutathioni. Kama hakuna kinachotokea, kagua glutathioni yenyewe kwanza. Huungana na oksijeni ya hewa na kupoteza nguvu, na shaba, hata kidogo sana kisichoonekana kwenye kipimo cha rangi nilichotaja, huharakisha jambo hilo. Iandae siku ileile, ndani ya maji yaliyopulizwa nitrojeni, na uweke EDTA. Halafu angalia pH: kinachokata kifungo ni glutathioni iliyopoteza protoni yake, na kwenye pH 5 hiyo ni haba mno. Wanaochanganya pH 5 na glutathioni kwenye mrija mmoja wakitarajia vichocheo viwili kujumlishana mara nyingi hupata upungufu, na kemia ndiyo inayotaka iwe hivyo.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Glutathioni ni asidi. Ukiweka milimola 10 yake ndani ya bafa ya fosfati ya milimola 10, pH huanguka vibaya. Kibebeo chenye kitosani au kifungo cha asidi kitafunguka mara moja, nawe utaandika kwamba kimeitikia glutathioni. Irudishe pH hadi 7.4 kwa sodiamu haidroksidi baada ya kuiyeyusha, na uweke mrija mmoja wenye mikromola 10, kiwango cha damu. Huo wa mwisho ukifunguka pia, kibebeo hakitofautishi damu na seli.

Dalili: matope, ukungu, ukubwa usioeleweka

Mashine ya kupima ukubwa kwa mtawanyo wa nuru huona zaidi chembe kubwa: chembe ya nm 100 hutawanya nuru karibu mara milioni moja ya chembe ya nm 10. Vumbi kidogo la barabara zetu wakati wa kiangazi linatosha kukupa kilele cha mikromita 2 ambacho hakimo kwenye kibebeo. Chuja bafa kwa kichujio cha nm 220 na ufunike kila kitu. Kama kilele kinabaki, ni mrundikano wa kweli. PDI, kipimo cha kutofautiana kwa ukubwa, ikipita 0.3, usitaje ukubwa wa wastani kana kwamba unawakilisha chembe zote.

Kitosani hutuama pH ikipita 6.5, hakuna ujanja. Anayetaka iende kwenye damu lazima aibadilishe kwa kemia au aifunike. Kwa wengine, sababu ni friji. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, friji ndogo huvuta baridi kwa nguvu, na kilichogusa ukuta wa nyuma huganda. Liposomu iliyoganda bila sukari imepasuka, hata ikionekana nzima. Ziweke katikati, kati ya bidoni za maji zinazotunza ubaridi. Ukitaka kukausha kwa baridi, weka trehalosi au sukrosi kwanza, na usianze kazi hiyo bila jenereta yenye mafuta ya kutosha usiku mzima. Keki (liposomu zinazokaushwa) iliyoyeyuka katikati ya ukaushaji kwa sababu pampu ilizimika haiokolewi kwa kuendelea baadaye.

Jambo hilohilo linahusu jaribio la usiku kwenye bafu la maji. Weka kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu. Bila hicho, hujui kama saa 12 zako zilikuwa za 37 °C au za 22.

Chembe za sumaku nitazipitia haraka. Zikiwa za kahawia badala ya nyeusi, magnetaiti imeoksidika, kwa kawaida kwa sababu maji hayakuondolewa hewa au uwiano wa feri mbili (Fe²⁺) kwa feri tatu (Fe³⁺) haukuwa 1 kwa 2. Usiziwekee EDTA.

Dalili: seli zinakufa hata na kibebeo kitupu

Tafuta mabaki: kloroformu ambayo haikukaushwa usiku kucha, sabuni ya CTAB iliyobaki kwenye silika yenye vitundu, au chaji chanya kubwa inayochana utando wa seli. CTAB ni sumu kwa kiasi kidogo sana, na silika nyingi zilizosifiwa kuua saratani ziliua kwa mabaki hayo. Osha kwa ethanoli yenye asidi, zaidi ya mara moja, kisha jaribu kibebeo kitupu tena kwa kipimo kilekile cha uzito, siyo cha dawa.

Kila kilichogusa doksorubisini, glavu, ncha za pipeti, mifuko, kikusanywe kwenye chombo chenye alama na kipelekwe kuchomwa kwenye joto kali pamoja na taka za dawa za saratani. Kisimwagwe kwenye sinki. Na kilichotengenezwa labo, hata kiwe kizuri namna gani, kisiguswe na mgonjwa. Wapo ndugu wenye mgonjwa nyumbani wanaouliza kwa uchungu kama wanaweza kupata kidogo, na jibu ni hapana, kwa upole na bila kusita.

Dalili: seli zinakufa vizuri, panya haponi

Matsumura na Maeda walieleza mwaka 1986 jinsi mishipa ya uvimbe inavyovuja na kuruhusu chembe kujikusanya humo. Jambo hilo lipo, lakini hutofautiana sana kati ya uvimbe na uvimbe, na kati ya panya na binadamu. Wilhelm na wenzake, walipokusanya tafiti za miaka kumi mwaka 2016, walikuta wastani wa kati wa asilimia 0.7 tu ya dozi iliyodungwa ndiyo inayofika kwenye uvimbe. Sehemu kubwa huishia kwenye ini na wengu. Kichocheo hakisaidii chembe ambayo haikufika.

Kwa hiyo kabla ya kuomba panya, weka kibebeo kwenye seramu ya asilimia 50, kwenye 37 °C, kwa saa 24, na ufuatilie ukubwa pamoja na dawa iliyotoka. Protini za damu huvaa uso wa chembe mara zinapokutana na kuubadilisha, na kichocheo kilichofanya kazi kwenye bafa kinaweza kufichwa chini ya vazi hilo. Baada ya seramu, ishushe pH hadi 5 au ongeza glutathioni, ukiwa bado na mirija mitatu. Kama kibebeo hakiitikii tena, ongeza PEG (polima inayofunika uso wa chembe) au badilisha urefu wake, kisha anza upya kutoka kwenye kipimo cha ukubwa.